Somo la Mboga: Kilo Moja Ni Vikombe Vingapi?

Mkulima apelekaye mboga kwa wenye hoteli za nyama choma huko Kamakis, Ruiru, kando ya barabara ya Eastern Bypass, hukutana na vipimo viwili. Yeye huuza kwa kilo. Mpishi huhesabu kwa kikombe na sufuria. Wasipoelewana, mboga hupungua mezani, na mkulima hudhaniwa kuwa amepunja. Basi yafaa kujua hesabu hii.

Kwa nini vipimo havilingani

Jani bichi ni maji karibu sehemu 9 katika 10. Tena majani yakilundikwa, hewa nyingi hukaa kati yake. Ukiyashindilia, chombo kile kile hubeba uzito zaidi. Ndiyo maana gunia si kipimo cha kutegemewa. Yakiingia motoni hulegea, hewa hutoka, na sufuria iliyofurika hushuka hata chini ya nusu.

Uzito wa kikombe cha mililita 250 (takriban)

Sukuma wiki: mbichi iliyokatwa gramu 40, iliyochemshwa na kuchujwa gramu 200.
Spinachi ya majani mapana: mbichi gramu 40, iliyochemshwa gramu 185.
Terere: mbichi gramu 30, iliyochemshwa gramu 140.

Jinsi ya kupima mwenyewe

1. Pima chombo kitupu, uandike uzito wake.
2. Kijaze majani yaliyokatwa, bila kuyashindilia. Pima tena, utoe uzito wa chombo.
3. Pika kilo 1 ya majani yaliyochambuliwa, uchuje maji, kisha upime kilichobaki.
4. Andika majibu daftarini. Rudia wakati wa mvua na wakati wa kiangazi.

Mfano

Mpishi ataka vikombe 40 vya sukuma wiki iliyopikwa. Zidisha 40 kwa gramu 200: ni kilo 8. Tuseme katika jaribio lako kilo 1 mbichi ilitoa gramu 800. Gawanya 8 kwa 0.8: zatakiwa kilo 10 za majani yaliyochambuliwa. Kilo 10 hizo, zikiwa mbichi, ni vikombe 250, yaani zaidi ya madebe 3 ya lita 20. Zikiiva ni lita 10, nusu debe tu!

Lakini ukimletea vikombe 40 vya majani mabichi, umeleta kilo 1 na gramu 600. Zikiiva hazipati hata vikombe 7. Wageni wengi watakula nyama bila mboga, na kesho mpishi atatafuta mkulima mwingine.

Mambo ya kukumbuka

Kabla ya kupatana bei, uliza: mboga mbichi au iliyopikwa? Na mabua au bila mabua? Vuna asubuhi na mapema, uweke mboga kivulini, kwani jani likinyauka uzito hupotea pamoja na maji. Tumia mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri, kama itakavyo Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513 ya Sheria za Kenya.

Zoezi

Mpishi ataka vikombe 20 vya terere iliyopikwa. Kilo 1 mbichi imetoa gramu 700. Zatakiwa kilo ngapi?

Jibu: kilo 4.