Tovuti Inafunguka Dukani, kwa Mteja Inagoma: Ikague Hivi

Kama kompyuta ya duka lako pale Mwanjelwa ni ya Windows 7, Chrome yake iliishia toleo la 109, la Januari 2023. Tangu hapo watengenezaji wa brauza wameendelea kung'oa vipengele vya zamani vinavyotumiwa na tovuti chache. Wana sababu ya msingi: kila kipengele kinachobaki ndani ya injini kinahitaji mtu wa kukitunza, na kisichotunzwa huwapa wadukuzi mwanya.

Matokeo yake, muuza mchele anaifungua tovuti yake dukani na kuiona iko sawa, ilhali mteja wa Tunduma mwenye simu mpya anabonyeza kitufe cha kuagiza na hakuna kinachotokea.

1. Usikague kwa kompyuta ya dukani. Tafuta laptopu yenye Chrome ya sasa. Fungua kila ukurasa, bonyeza F12, kisha nenda kwenye Console. Maandishi ya njano ni maonyo, mekundu ni makosa. Ukiona openDatabase imefuatwa na "is not defined", tovuti inategemea Web SQL, njia ya zamani ya kuhifadhi data ndani ya brauza, iliyoondolewa kwenye Chrome mwaka 2023.

2. Pekua msimbo wenyewe. Vipengele vingine vikiondolewa havitoi kosa lolote, vinanyamaza tu. DOMNodeInserted, tukio la kuarifu kwamba kitu kimeongezwa ukurasani, lililoondolewa 2024, ni mfano. Tafuta pia XSLTProcessor, na xml-stylesheet inayoita faili la .xsl. Hizo ni alama za XSLT, teknolojia ya kugeuza data ya XML kuwa ukurasa. Google imetangaza kuiondoa, na ratiba yake inalenga Novemba 2026.

3. Okoa data kwanza. Kama hesabu za mali zilihifadhiwa kwa Web SQL, zimo ndani ya brauza ya kompyuta ile ile kuukuu. Zitoe, uzihifadhi kwenye faili na flashi kabla ya kubadilisha mashine. Ukishaiuza kompyuta, hesabu zimekwenda nayo.

4. Badilisha kimoja kimoja. Web SQL ipishe IndexedDB, na DOMNodeInserted ipishe MutationObserver. Kazi ya XSLT ihamishie kwenye seva, ili simu ipokee ukurasa uliokwisha kuandaliwa. Kila badiliko lijaribu kabla ya kugusa jingine. Likiharibika utajua ni lipi.

5. Malizia kwa simu za wateja. Omba simu mpya na ya zamani, zima Wi-Fi, tumia bando la kawaida. Usiishie kuangalia picha: weka oda mpaka mwisho, uhakikishe imefika.

Kipengele huondolewa takwimu zikionyesha kinatumiwa na wachache. Ukiwa mmoja wa hao wachache, hakuna atakayekupigia simu kukutahadharisha, na mteja aliyeshindwa kuagiza huenda duka jingine bila kukuambia. Kwa hiyo rudia ukaguzi huu kila baada ya miezi mitatu, na kama tovuti ulitengenezewa na fundi, mdai aufanye mbele yako.