Trekta la mtumba la kufyekea mikorosho: kagua haya kabla ya kulipa

Wengi wetu tunaokaa Magomeni, Mtwara, tunalala mjini lakini mikorosho yetu iko nje ya mji: Naliendele, Ziwani, Nanguruwe, wengine hadi Msimbati. Mvua zikikatika Aprili au Mei, nyasi chini ya mikorosho zimeshafika kiunoni. Zinatakiwa ziondoke kabla ya kupuliza salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na ziwe fupi tena korosho zinapoanza kudondoka, maana korosho isiyoonekana haiokotwi. Zikiachwa zikauke shambani, moto mmoja wa Agosti unatosha kuunguza miti iliyolelewa miaka 20. Vibarua nao hutafutwa na kila mwenye shamba katika wiki zile zile, ndiyo maana wenye ekari 10 au 15 wanaulizia trekta dogo lililotumika.

Kabla ya kuulizia bei, piga hesabu ya saa. Mashine ya kufyekea ya futi tano, ambayo mafundi huiita slasha, inakata upana wa mita moja na nusu hivi. Trekta likienda kilomita nne kwa saa, kwa hesabu ya karatasi linafyeka karibu ekari moja na nusu kwa saa. Toa muda wa kuzunguka miti na kukwepa visiki, ibaki ekari moja. Shamba la ekari 10 likifyekwa mara mbili kwa mwaka ni saa 20 tu za kazi. Siku nyingine zote trekta limekaa kwenye banda, betri inakufa na matairi yanapasuka kwa jua. Kwa maoni yangu, mwenye chini ya ekari tano asinunue kabisa; akodi, au atumie mashine ya petroli ya kubeba begani. Mwenye ekari 10 anunue ikiwa tu amekubaliana na majirani kulitumia pamoja, au ana uhakika wa kulikodisha.

Ukishaamua kununua, anza na kimo cha trekta, maana hapo ndipo wengi hukosea. Mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ina njia pana, kama miti 28 kwa ekari. Mashamba yetu mengi ya zamani hayakupimwa hivyo, na matawi yamelala karibu kugusa ardhi. Trekta kubwa la kulimia lenye kibanda litavunja matawi yale yale yanayotoa maua. Nenda shambani na utepe, pima urefu wa matawi ya chini, kisha pima trekta kutoka ardhini hadi sehemu yake ya juu kabisa, bomba la moshi likiwemo. Bomba la kusimama hunasa matawi. Lililolazwa chini ya trekta linapita vizuri, ila liko karibu na nyasi kavu, kwa hiyo ni lazima uwe unasimama na kuondoa majani yanayojikusanya kulizunguka.

Nguvu ya farasi 35 hadi 50 inatosha kwa slasha ya futi tano. Usishawishike kuchukua kubwa zaidi ili siku moja ulime nalo katikati ya mikorosho. Mizizi inayolisha mkorosho iko juu juu, na haro inaikata.

Trekta ambalo fundi wa mtaani hahitaji kulisoma upya ni Massey Ferguson 135. Lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1964 hadi katikati ya miaka ya 1970, na mengi yana injini ya Perkins ya silinda tatu yenye nguvu ya farasi 45 hivi. Massey 240 lililofuata lina injini ya ukoo huo huo, na limeendelea kutengenezwa Pakistan, ndiyo sababu spea mpya bado zipo sokoni. Nasisitiza spea kwa sababu nchi yetu imeshaona matokeo ya kuzipuuza. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga wa Tanganyika mwaka 1947, ule uliofika Nachingwea na kuzaa bandari ya Mtwara, walinunua matrekta yaliyotumika, mabaki ya jeshi kutoka Ufilipino. Mengi yalilala mapema kwa kukosa vipuri na mafundi. Kwa hiyo kabla hujaenda kuliona trekta, pita madukani uulizie vitu vitatu kwa jina la modeli: sahani ya klachi, pampu ya maji na chujio la dizeli. Ukiambiwa kila kimoja ni cha kuagiza, tafuta modeli nyingine.

Sasa kagua PTO, shafti inayotoka nyuma na kuzungusha slasha. Massey 135 ziko za klachi moja na za klachi mbili. Kwenye klachi moja, ukikanyaga pedali trekta linasimama na visu vinapoteza nguvu hapo hapo, katikati ya nyasi nzito. Kwenye klachi mbili, ukikanyaga nusu trekta linasimama huku visu vikiendelea kukata. Ukikanyaga hadi mwisho vyote vinasimama. Kwa kufyeka, chukua ya klachi mbili. Hii ya klachi moja ina hatari nyingine: visu vizito vinavyozunguka vinaweza kuisukuma shafti na kulipeleka trekta mbele hata kama umekanyaga klachi, na mbele yako pengine kuna mti au mtu. Kuna kifaa cha kufungwa kwenye shafti kinachoruhusu visu vizunguke bure bila kusukuma trekta. Kama hakipo, usifyeke.

Injini ikague ikiwa ya baridi. Mwambie muuzaji mapema asiliwashe, na ukifika weka kiganja kwenye injini. Ukikuta ina joto, wameshahangaika nayo kabla yako. Rudi siku nyingine. Likiwaka, moshi mweusi kidogo unapokanyaga mafuta si tatizo. Moshi wa buluu usiokwisha maana yake linakula oili. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto unahitaji fundi, kwa sababu unaweza kuwa wa nozeli au wa maji yanayoingia kwenye silinda. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: hewa ikitoka kwa nguvu, ringi zimechoka.

Kisha chomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi na haidroliki, ufute kwenye kitambaa cheupe. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, na beringi ndani zimeshaanza kuliwa. Muuzaji atakwambia ni ya kubadilisha tu. Punguza bei kwa gharama ya kufungua giaboksi nzima, siyo kwa bei ya dumu la oili.

Jaribu haidroliki na slasha yenyewe, isiwe mikono mitupu ya nyuma. Inyanyue, zima injini, uitazame. Ikianguka mara moja, haidroliki inavuja ndani. Halafu omba lifyeke nyasi za kweli kwa nusu saa. Muuzaji anayekataa ameshakujibu.

Upande wetu wa pwani chumvi haina huruma. Uliza kama trekta limewahi kubeba chumvi au kufanya kazi karibu na mikoko. Inama uangalie chini ya sakafu ya dereva, kwenye nyaya za taa, na rimu za nyuma kuzunguka vali. Kutu ya juu inapigwa brashi. Rimu iliyoliwa inabadilishwa, na magurudumu ya nyuma ni ghali kuliko watu wanavyodhani. Rangi mpya kabisa juu ya trekta la miaka 50 ikutie mashaka, uikwangue kidogo kwa kucha.

Mwisho ni karatasi. Namba ya chasisi na ya injini zifanane na kadi, na jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Kama trekta lilinunuliwa kwa mkopo wa benki au wa Mfuko wa Pembejeo, mara nyingi lenyewe ndilo dhamana, kwa hiyo dai barua ya kumaliza deni. Andikianeni mkataba mbele ya wakili, lipa sehemu, na sehemu iliyobaki itoke siku umiliki unapohamishwa TRA kwa jina lako.