SOMO: KUCHAGUA CHAJA YA BETRI



Mnakumbuka taa za madrasa yetu hapa Kikole zilivyozimika katikati ya darsa la baada ya Magharibi. Betri ilikuwa haijatimiza mwaka, nayo ilinunuliwa kwa michango ya wazazi wenu. Wengi tulisema betri ni feki. Fundi alipofungua vifuniko, tukakuta maji yamekauka na sahani ziko wazi. Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyekubali paneli ya sola iunganishwe moja kwa moja na betri, ili tuokoe fedha ya kidhibiti chaji.

1. Betri inahitaji nini?

Betri ya maji ya volti 12 ina vyumba sita vyenye sahani za risasi na tindikali. Ikijaa na kutulia, mita husoma kama volti 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikifika 12 izime taa, kwani kuiacha tupu huua sahani.

Kuijaza ni kama kujaza mtungi. Mwanzo unamimina kwa nguvu, ukikaribia mdomo unapunguza, ukijaa unaongeza matone tu. Chaja nzuri hufanya hivyo hivyo:

(a) hutoa ampea nyingi mpaka volti zifike kama 14.4;
(b) hushikilia hapo huku ampea zikipungua;
(c) hushuka hadi kama volti 13.6 na kuitunza betri.

Paneli ya "volti 12" huweza kufika volti 17 au 18 juani, wala haijui kusimama. Betri iliyojaa huchemka, na maji yake hugeuka gesi. Hayo ndiyo yaliyotufika.

2. Ukiwa dukani

Kwanza, chanzo cha umeme. Sola huhitaji kidhibiti chaji. Jenereta au TANESCO huhitaji chaja inayogeuza volti 230. Chaja isiyojizima usiiache usiku kucha.

Pili, aina ya betri. Ya maji, ya jeli na ya lithiamu kila moja ina kipimo chake cha volti. Hakikisha kifaa kimeandikwa aina ya betri yako.

Tatu, ampea. Betri ya maji ya ampea-saa 100 yatosha chaja ya ampea 10. Paneli ya wati 100 hutoa kama ampea 6, hivyo kidhibiti cha ampea 10 kinaimudu.

Nne, chagua kidhibiti kinachokata taa chenyewe betri ikishuka.

3. Matunzo

Wakati wa kufunga, unganisha betri na kidhibiti kwanza, kisha paneli. Ongeza maji ya betri yanayouzwa dukani, si ya kisima wala ya bahari, kwa kuwa chumvi huharibu sahani. Gesi ya betri hulipuka: iweke penye hewa, mbali na koroboi.

Wanafunzi wangu, kidhibiti kidogo ni rahisi kuliko betri mpya. Mali ya madrasa ni amana, na kuitunza huanza siku ya kununua.

Maswali

1. Mita inasoma 12.2. Betri imebaki kiasi gani?
2. Kwa nini paneli isiunganishwe moja kwa moja na betri?
3. Angalia betri ya nyumbani kwenu: ni ya aina gani, na inachajiwa na nini?