Pikapu ya Umeme au Haibridi? Somo kwa Kamati Zinazovuta Tela Unguja



Pikapu ya parokia ina kazi nyingi. Huvuta tela la tangi la maji, jenereta, mbao za ujenzi na hata boti. Siku hizi kamati inayotafuta gari inaweza kuchagua pikapu ya umeme mtupu, au haibridi, yaani yenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja. Katika somo hili tunazilinganisha kwa kazi ya kuvuta tela hapa Unguja.

1. Uzito wa tela

Tuchukue mfano wa Toyota Hilux. Ile ya umeme, iliyotangazwa mwaka 2025, inaruhusiwa kuvuta kilo 1,600. Ile ya dizeli yenye msaada wa mota ya volti 48 inaruhusiwa kilo 3,500. Lita moja ya maji ni kilo moja. Basi tangi la lita 1,000 juu ya tela la kilo 500 ni kilo 1,500, na pikapu ya umeme italimudu kwa shida. Tangi la lita 2,000 halifai kabisa kwa gari hilo.

2. Mwendo kwa chaji moja

Hilux ya umeme, ikiwa haina tela, huenda takriban kilomita 240. Majaribio ya pikapu za umeme huko Marekani, kama Ford F-150 Lightning, yameonyesha kuwa tela zito hupunguza mwendo kwa karibu nusu. Zinabaki kilomita 120. Kutoka Mji Mkongwe hadi Nungwi na kurudi ni kama kilomita hizo hizo. Hata tela likirudi tupu, akiba ni ndogo.

Betri ya gari hilo ni ya kilowati-saa 59.2. Kwa soketi ya kawaida ya nyumbani inayotoa kilowati 3, itajaa baada ya saa 20 hivi. Na katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako gari halifiki kwenye nyumba nyingi, litachajiwa wapi?

Hata hivyo tuseme haki: kisiwa chetu kina urefu wa kilomita 85 tu na sehemu kubwa ni tambarare. Kwa safari fupi na tela jepesi, gari la umeme linafaa, halihitaji kubadilishwa oili ya injini, wala halitoi moshi.

3. Umeme ukikatika

Tangu mwaka 1980 Unguja hupata umeme kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mmoja. Kisha kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kilikosa umeme kwa miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama na watu wakahangaika na ndoo. Waya mpya wa megawati 100, uliojengwa kwa msaada wa Marekani, ulianza kazi mwaka 2013 na hali ikawa bora. Lakini funzo linabaki: siku ambayo tela la maji linahitajika zaidi ndiyo siku ambayo gari la umeme linaweza kukosa chaji.

4. Haibridi hazifanani

Haibridi ya volti 48 haichajiwi kwa waya na huokoa mafuta kidogo tu. Nyingine, kama BYD Shark 6 inayouzwa Australia, huchajiwa, huwekwa petroli, na huvuta kilo 2,500. Betri yake inaweza pia kuwasha vifaa vya umeme. Lakini ikivuta mzigo mzito hula petroli, na mafuta yetu yote huja kwa meli.

Maoni yetu

Kwa tela zito na safari za shamba, tunashauri haibridi. Kwa mizigo myepesi ya mjini, umeme ufikiriwe, hasa palipo na paneli za jua. Fedha za wafadhili na za waumini hazitoki mara mbili.

Maswali ya kujadili katika kamati

- Tela letu likijaa lina kilo ngapi?
- Safari yetu ndefu kuliko zote ni kilomita ngapi, kwenda na kurudi?
- Nani hapa Unguja ataitengeneza betri, na dhamana yake imeandikwa?
- Umeme ukikatika kwa wiki moja, gari litafanya kazi?