Gogogo wa Tanganyika kwenye tangi la kioo

Kambare wadogo wa jamii ya Corydoras, wenye mabamba ya mfupa mwilini, hufugwa sana Ulaya na Marekani. Kwao ni Amerika Kusini, na wengi wao hupenda maji laini. Mkazi wa Mpanda hana haja ya kuwaagiza. Ziwa Tanganyika lina wake: Synodontis petricola, gogogo mdogo mwenye madoa, wa sentimita kama 10. Ngozi yake haina magamba, ila kichwa kimefunikwa na mfupa mgumu, na mapezi yana miiba anayoikaza akishtuka.

Kwa hiyo usimvue kwa kimia. Miiba hunasa kwenye nyuzi, na kumnasua ni kumuumiza yeye pamoja na vidole vyako. Msukumie taratibu ndani ya kopo.

Kazi kubwa ni maji. Ya ziwani yana madini mengi, pH inakaribia 9, joto nyuzi 24 hadi 27. Maji ya mvua peke yake hayamfai. Tandaza mchanga laini, maana kokoto kali huchubua sharubu zake, kisha panga mawe ya chokaa yenye mapango ya kujifichia. Jiwe usilolijua lidondoshee siki. Likitoa povu, lina chokaa. Maji ya bomba yenye klorini yaache siku nzima kwenye ndoo iliyo wazi.

Panda valisneria, mmea unaoota hata ziwani na usioogopa maji magumu. Anubia ifunge kwa uzi juu ya jiwe, kwani shina lake likifukiwa huoza.

Samaki wasubiri. Endesha chujio wiki 4 hadi 6, ukidondosha chakula kidogo, ili bakteria wanaoondoa sumu ya amonia wazaliane. Sponji ya chujio ioshe kwa maji uliyoyatoa tangini. Klorini ya bomba huwaua bakteria hao. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara, yapate hewa.

Tangi la lita 120 linatosha gogogo watano. Walishe jioni, chakula kinachozama.

Kabla ya kumwagiza mvuvi wa Karema au Ikola, muulize ofisa uvuvi wa halmashauri kuhusu kibali na msimu: mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Na samaki wa kigeni uliyemchoka usimmwage ziwani wala mtoni. Mpe mfugaji mwingine.