MADA: UCHONGAJI WA KISASA NA VISASILI VYA MABABU

Swali: "Sanamu inayochongwa leo na kuuzwa kwa watalii si sanaa ya jadi." Jadili kauli hii kwa mifano.

Ni rahisi mtahiniwa kuikubali kauli hii harakaharaka, akidhani jadi maana yake ni ukongwe. Usifanye hivyo. Uliza kwanza mchongaji amelitoa wapi wazo lake, ndipo uulize umri wa sanamu.

Mfano ulio wazi zaidi nchini ni Wamakonde wa uwanda wa juu wa Newala na wenzao wa Mueda, ng'ambo ya mto Ruvuma. Kisasili chao chasimulia kiumbe aliyeishi peke yake porini, asiyeoga wala kunyoa. Alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na usiku ikawa mwanamke. Watoto waliozaliwa mabondeni karibu na maji walikufa. Aliyezaliwa juu uwandani akaishi, na ukoo ukaanzia hapo. Ona jambo hili: katika kisasili hiki uchongaji unatangulia hata uzazi. Ndiyo maana umbo la mama hurudi mara kwa mara katika kazi zao.

Miaka ya karibu na uhuru, Samaki Likankoa alianza kuchonga mashetani kwa mpingo jijini Dar es Salaam: viumbe vilivyopindapinda, jicho moja, mdomo mpana. Mfanyabiashara Mohamed Peera alizinunua kazi hizo. Mnunuzi alikuwa mpya na umbo jipya, lakini mashetani walikuwamo katika imani ya watu kabla ya duka lolote. Yakobo Sangwani naye alianzisha mtindo wa dimoongo, mshindi wa mieleka akibebwa na wenzake. Baadaye ukawa nguzo ya watu wa ukoo mmoja waliopandana, tunayoiita "ujamaa". George Lilanga, mzaliwa wa Masasi (1934–2005), aliwahamishia mashetani hao kwenye picha za rangi kali.

Lakini kumbukumbu hizo zikiondolewa, mchongaji ataanzia wapi? Hapa mfano unaofaa uko Ziwa Tanganyika. Ukisimama mwaloni Ikola na kutazama magharibi, ng'ambo ni Kongo, nchi ya Watabwa, waliochonga sanamu za mababu zenye chale mwilini. Mtemi wao Lusinga alikuwa na sanamu ya namna hiyo. Desemba 1884 aliuawa na watu wa Émile Storms, Mbelgiji aliyewahi kuongoza kituo cha Karema, jirani kabisa na Ikola. Fuvu la Lusinga na sanamu yake vilipelekwa Ubelgiji. Sanamu imo katika makumbusho ya Tervuren. Kijana wa ufukwe huu akitaka kuchonga babu leo, ataanza na picha ya kitabuni au masimulizi ya wazee. Atakachochonga hakitafanana na cha Lusinga, na mtahini asitegemee kifanane.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mashetani ya Likankoa ni mapya kwa umbo lakini si mapya kwa asili?

2. Sanamu ya Lusinga ikirudishwa, iwekwe makumbusho au ikabidhiwe ukoo wake? Tetea jibu lako.

3. Muulize mzee wa kwenu kisasili kimoja cha asili ya ukoo. Eleza ungekichonga kwa umbo gani, na kwa mti gani.