Michezo na Tabia ya Mwanafunzi: Jinsi ya Kuijadili Mada

Mwanafunzi, mada hii utakutana nayo kwa sura mbili. Katika Karatasi ya Kwanza huja wazi kama insha: 'Michezo shuleni humjenga kijana. Jadili.' Katika Karatasi ya Tatu hujificha ndani ya swali la sifa za mhusika, pale mwandishi anapompa kijana mpira au mbio. Kwa vyovyote vile, watahiniwa wengi huikimbilia orodha ile ile: nidhamu, ushirikiano, uvumilivu, kuepuka dawa za kulevya. Orodha yenyewe haina kosa. Kasoro yake ni kwamba mtahini akiisoma haoni mtu yeyote akifanya lolote, naye hutuza hoja iliyothibitishwa.

Jiulize kwanza mchezo unamjengaje mtu. Kwa sehemu kubwa, ni kwa kumrudisha mahali pale pale mara nyingi. Chukua mbio za kupokezana vijiti za mita 100 mara nne. Kijiti sharti kibadilishe mikono ndani ya eneo la mita 30. Mpokeaji hutimua mbio kabla hajakipata, hunyoosha mkono nyuma na hageuki kutazama, maana akigeuka kasi inapotea. Siku za kwanza karibu kila mwanafunzi hugeuka. Baada ya majuma kadhaa ya mazoezi huacha, kwa kuwa amemjua mwenzake anayekuja nyuma. Ukitaka kuandika kuhusu kuaminiana, eleza mkono huo ulionyooshwa nyuma. Kipa aliyefungwa bao la kizembe mapema naye ana la kukufaa: mechi bado mbichi, na lazima asimame tena langoni. Usimsahau mchezaji wa akiba, ambaye hufanya mazoezi sawa na wengine kisha siku ya mechi hukaa benchi akilinda chupa za maji. Kwa maoni yangu huyu ndiye mhusika anayestahili aya nzima, na ndiye anayerukwa zaidi katika insha.

Sasa tutazame kisa cha kweli kwa makini. Mnamo Desemba 2012 kulikuwa na mbio za nyika mjini Burlada, katika eneo la Navarra, Uhispania. Mkenya Abel Mutai, aliyekuwa ametwaa nishani ya shaba ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya London miezi michache kabla, alikuwa akiongoza kwa mbali. Alipokaribia mwisho alidhani amekwisha kuvuka utepe, akapunguza mwendo. Watazamaji walimpigia kelele aendelee, lakini hakuifahamu lugha yao. Nyuma yake alikuja Mhispania mwenye umri wa miaka 24, Iván Fernández Anaya. Angeweza kumpita kwa urahisi. Badala yake alibaki nyuma, akamwashiria kwa mkono asonge mbele, na Mutai akamaliza wa kwanza.

Wengi wangeandika 'Fernández ni mwaminifu' na kuhamia hoja nyingine. Usiwe na haraka hivyo. Kocha wake, Martín Fiz, aliyekuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1995, alisema wazi kwamba yeye hangefanya vile, na kwamba kijana wake alikuwa amepoteza nafasi. Kocha na mwanariadha wake, mchezo mmoja, mafunzo mawili tofauti! Kuna zaidi. Fernández mwenyewe alikiri kwamba lau ingekuwa nishani ya dunia au ya Ulaya, pengine angeitwaa. Ukiri huo haumharibii sifa. Unatuonyesha kwamba uaminifu una gharama, na kwamba mtu aliyekwisha kuulipia mara moja anaijua gharama hiyo kuliko anayeusifu tu. Mhusika wako ukimchambua kwa kuuliza alikuwa tayari kupoteza nini, na nani alikuwa akimtazama, utakuwa umeacha mbali ile orodha ya mwanzo.

Insha ya kujadili huhitaji pia upande wa pili, na upande huu upo. Shule inayoingiza mamluki katika timu yake ili itwae kombe inawafunza wachezaji halali jambo fulani, nao hulishika upesi. Nchini Kenya tumewaona wanariadha wakipigwa marufuku kwa kutumia dawa za kusisimua misuli, hadi ikabidi sheria ya kupambana nazo ipitishwe mwaka 2016. Wanariadha hao pia walirauka alfajiri, wakavumilia mvua na milima. Kwa hivyo usidai kwamba mazoezi peke yake humfanya mtu mwema. Chunguza ni tendo gani linalopigiwa makofi katika timu hiyo.

Sifa moja yaweza kusomwa kwa njia mbili vilevile. Kipchoge Keino alikwenda Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiugua nyongo, na madaktari wakamshauri asikimbie. Katika mita 10,000 alianguka nje ya njia kwa maumivu, akainuka na kumaliza ingawa alikuwa ameondolewa mashindanoni. Siku chache baadaye alishinda dhahabu ya mita 1,500. Je, huo ni ujasiri au ni ukaidi? Ukichagua upande mmoja bila kuutaja wa pili, hoja yako itapwaya.

Zoezi

1. Fiz alikuwa na haki ya kusikitika? Mtetee au mpinge kwa hoja tatu, kila moja ikiwa na mfano kutoka mchezo unaoufahamu.
2. Mchague mhusika kijana katika kitabu chako teule. Mweke kwenye benchi la akiba siku ya fainali, kisha ueleze angefanya nini, ukirejelea matendo yake kitabuni.